Wazee Wengi, Wauguzi Wachache

Tarehe 7 Aprili mwaka 2025 Jaji Matthew Kacsmaryk wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la Texas, nchini Marekani, aliifuta kanuni moja iliyowahusu wazee na wagonjwa wapatao milioni moja na laki mbili. Kanuni hiyo ilikuwa imetolewa na serikali ya nchi ile mwezi Aprili 2024. Ilisema kwamba kila nyumba ya kuwauguzia wazee inayopokea fedha za serikali haina budi kuwa na watumishi wa kutosha kumpa kila mzee saa 3.48 za uuguzi kwa siku. Katika saa hizo, 0.55 zitoke kwa muuguzi aliyesajiliwa, na 2.45 zitoke kwa wauguzi wasaidizi, yaani wale wanaoosha, wanaolisha na wanaogeuza. Tena muuguzi aliyesajiliwa awepo nyumbani humo usiku na mchana.

Vifungu hivyo vya saa vilikuwa havijaanza kutumika. Mwezi Juni mwaka huo huo mahakama ya Iowa nayo ikatoa hukumu kama ile ya Texas. Tarehe 4 Julai sheria kubwa ya kodi na matumizi ikatiwa sahihi, na ndani yake mkawamo kifungu cha kuzuia kanuni hiyo isitekelezwe mpaka tarehe 30 Septemba 2034. Hata hivyo haikuonekana kwamba yatosha. Mwezi Desemba 2025 serikali ikatangaza kuifuta kabisa. Kanuni iliyouawa mara nne kabla haijaanza kutembea yaonyesha wazi kwamba kulikuwa na watu walioiogopa. Yafaa tuulize ni kina nani, na waliogopa nini.

Msomaji aweza kutuambia: wazee wa Marekani watuhusu nini sisi ambao wazee wetu hulelewa majumbani mwetu? Jawabu ni kwamba wanaowalea wazee wale ni pamoja na dada zetu na binti zetu. Katika kila wauguzi wasaidizi watano wa nyumba zile, mmoja hivi amezaliwa nje ya Marekani, na tisa katika kila kumi ni wanawake. Katika miji ya Massachusetts, Texas na Minnesota wamo wengi waliotoka Kenya, Tanzania, Somalia na Kongo. Huku nyumbani twawataja kwa dharau kidogo, tukisema fulani kaenda Marekani “kuosha wazee”. Kisha mwisho wa mwezi twangoja fedha alizozituma. Ada ya shule ya mtoto wa Moshi au wa Kisumu mara nyingine imetoka katika mgongo wa mama anayefanya zamu mbili mfululizo katika nyumba ya namna hiyo. Basi idadi ya watumishi katika nyumba zile ni jambo la wafanya kazi, na wafanya kazi hao baadhi yao ni wetu.

Na tuitazame kazi yenyewe, kwa maana wanaoipinga kanuni huzungumza juu ya asilimia na mabilioni, wala hawazungumzi juu ya kitanda. Muuguzi msaidizi wa zamu ya asubuhi ana saa nane. Ukiondoa nusu saa ya kula, zimebaki dakika 450. Akipewa wazee kumi, kila mzee anapata dakika 45 kwa zamu nzima. Katika dakika hizo ataamshwa, atapelekwa msalani au kubadilishwa nepi, ataoshwa, atavishwa, atalishwa chakula cha asubuhi na cha mchana, atarudishwa kitandani, na kila kilichofanyika kitaandikwa. Wakipungua watumishi, wazee wakawa kumi na watano kwa mtu mmoja, zinabaki dakika 30. Mzee aliyepooza humeza polepole. Kumlisha yeye peke yake kwaweza kula nusu saa. Basi yule muuguzi hana budi kuchagua: ama amlishe huyu mpaka ashibe, ama ampeleke yule msalani kabla hajajichafua. Atakalolichagua, amemdhulumu mmoja wao, na yeye hakuwa mdhalimu.

Mzee asiyeweza kujigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo damu huzuiliwa pale mifupa inapokandamiza ngozi, na ngozi hufa. Hivyo ndivyo vidonda vya kulala vinavyoanza, na kidonda cha namna hiyo chaweza kufika mfupani na kumwua mtu. Dawa yake ya kwanza ni mikono miwili inayofika kwa wakati. Hali kadhalika kumnyanyua mtu mzito kwa mashine kwataka watu wawili. Lakini mwenzako akiwa chumba cha mwisho, na mzee analia aketishwe, wengi hunyanyua peke yao. Ndiyo sababu kazi hii ni mojawapo ya kazi zinazoumiza watu wengi zaidi nchini Marekani, na viungo vinavyoumia hasa ni mgongo na mabega.

Sasa tuitie ile kanuni katika hesabu. Nyumba yenye wazee 100 ingetakiwa kuwa na saa 348 za uuguzi kwa siku, yaani zamu 43 na nusu za saa nane nane. Zamu saba hivi zingekuwa za wauguzi waliosajiliwa, na zamu 30 na ushei za wauguzi wasaidizi. Ukizigawa hizo 30, waweza kuweka wasaidizi 12 asubuhi, 11 jioni na saba usiku. Asubuhi kila mmoja angekuwa na wazee wanane au tisa. Usiku angekuwa na 14. Anayeijua kazi hii hatasema kwamba hayo ni maisha ya anasa. Uchunguzi ambao serikali ya Marekani yenyewe ilipeleka mbele ya Bunge lake mwaka 2001 ulionyesha kwamba, kwa wazee wanaokaa muda mrefu, madhara yanaweza kuepukwa vema penye saa 4.1 kwa siku. Kanuni ya 2024 ilitaka kidogo kuliko hapo. Na hicho kidogo, kwa hesabu ya shirika la utafiti liitwalo KFF, kilitimizwa na nyumba zisizofika moja katika kila tano.

Kwa muda gani mambo yameendelea hivi? Programu za Medicare na Medicaid zilianzishwa mwaka 1965. Ya kwanza kwa wazee, ya pili kwa watu wasio na uwezo. Tangu hapo fedha za umma zikaanza kumiminika katika nyumba hizi, na mahali fedha zinapomiminika hapakosi mtu wa kukinga ndoo. Leo nyumba ziko karibu 15,000, na saba katika kila kumi ni mali ya watu wanaotafuta faida. Wazee sita au zaidi katika kila kumi wanalipiwa na Medicaid. Mwaka 1987, baada ya maovu mengi kufichuliwa, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuzirekebisha. Ilikuwa sheria njema katika mengi: ilimpa mzee haki ya kutofungwa kamba kitandani ili asisumbue, na haki ya kuheshimiwa. Lakini katika jambo la watumishi iliagiza muuguzi aliyesajiliwa awepo saa nane kwa siku, muuguzi mwenye leseni awepo wakati wote, na kwa wengine ikasema tu kwamba watumishi wawe “wa kutosha”.

Neno hilo “kutosha” ndilo lililowaponza wazee. Kutosha kwa nani? Kwa mwenye nyumba, watumishi wanatosha siku zote. Mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka hawezi kulipima neno hilo kwa rula. Msaidizi aliyemwambia msimamizi wake kwamba watu hawatoshi huambiwa ajitahidi. Laiti ingeandikwa nambari, hata mtumishi wa chini kabisa angeweza kuonyesha kwa kidole kwamba leo sheria imevunjwa.

Jaji wa Texas alisema kwamba Bunge lenyewe liliandika saa nane, na watumishi wa serikali hawana mamlaka ya kuandika 24 mahali pake. Hatutaki kubishana naye juu ya nani mwenye haki ya kutunga sheria. Katika kila nchi ni vema jambo hilo lijulikane. Lakini ikiwa kazi hiyo ni ya Bunge, basi na Bunge liifanye. Bunge hilo, lilipopata nafasi mwezi Julai, liliizuia kanuni kwa zaidi ya miaka tisa, na kizuizi hicho kikahesabiwa miongoni mwa mambo ya kuokolea fedha. Ni akiba ya ajabu hiyo. Fedha zinazookolewa ni zile ambazo Medicaid ingelipa kwa ajili ya mikono zaidi. Na mikono isipokuwapo, gharama haifutiki, bali huhamia kwa mzee mwenye kidonda, kwa hospitali inayompokea, na kwa mgongo wa msaidizi. Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wenye nyumba, ambao chama chao ndicho kilichofungua daawa huko Texas, wana hoja mbili, nasi tutazitendea haki. Ya kwanza ni kwamba watu wa kuajiriwa hawapatikani, hasa mashambani, na kanuni ingezifunga nyumba nyingi. Ni kweli kwamba katika wilaya za mbali wauguzi waliosajiliwa ni adimu, na nyumba ikifungwa mzee huhamishwa mbali na jamaa zake. Lakini kanuni yenyewe ililiona hilo. Nyumba za mashambani zilipewa hadi miaka mitano kutimiza vifungu vyake, na palikuwa na msamaha kwa nyumba iliyojaribu kuajiri kwa bidii ikashindwa. Aliyepewa miaka mitano na mlango wa msamaha, naye akaenda mahakamani ili kanuni ifutwe kwa wote, mjini na shamba, hatuwezi kusema kwamba alikuwa akiililia shamba.

Tena, watu hawapatikani kweli, au wanakuja kisha wanakimbia? Wachunguzi waliotumia orodha za malipo za miaka 2017 na 2018 walikuta kwamba wastani wa wauguzi kuacha kazi katika nyumba hizi ulikuwa asilimia 128 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba nyumba yenye nafasi 100 ilipoteza watu 128 katika miezi kumi na miwili. Nafasi nyingine ilijazwa na kuachwa mara mbili na zaidi. Watu hao walikuwapo! Walivaa sare, wakasoma zile saa 75 za mafunzo ambazo sheria ya shirikisho inazitaka (na hapa tuseme kwa kupita kwamba katika majimbo mengi kinyozi hutakiwa kusoma saa 1,000 kabla hajaruhusiwa kugusa kichwa cha mtu), wakaingia zamu, wakaona wazee 15 wanawangoja, wakapima ujira wa karibu dola 19 kwa saa, wakaenda kufanya kazi ghalani au dukani. Uchache wa watumishi ndio unaozaa uchache wa watumishi. Anayebaki hubeba mzigo wa aliyeondoka, naye akichoka humfuata. Basi kusema “tusiweke idadi kwa sababu watu hawapo” ni sawa na kukataa kuziba tundu la mtungi kwa sababu maji yamekwisha.

Hoja ya pili ni fedha. Serikali ilikadiria gharama ya kanuni kuwa dola bilioni 43 kwa miaka kumi, na haikutenga fedha mpya za kiasi hicho. Hapa wenye nyumba wana neno, nasi twakubali kwamba malipo ya Medicaid katika majimbo kadhaa ni haba, na kwamba serikali inayoagiza kitu yapasa isaidie kukilipia. Ila kabla hatujawahurumia, na tuombe kuona daftari. Mtindo wa siku hizi ni huu: mtu anamiliki nyumba ya wazee, kisha anaanzisha kampuni ya pili inayomiliki jengo, na ya tatu inayotoa usimamizi. Nyumba hulipa kodi kubwa ya pango kwa kampuni ya pili na ada kubwa kwa ya tatu, halafu hutangaza kwamba yenyewe ni maskini. Wachumi wawili, Ashvin Gandhi na Andrew Olenski, walizichunguza hesabu za nyumba za jimbo la Illinois, na mwaka 2024 wakatoa makadirio yao: mwaka 2019 asilimia 63 ya faida ya nyumba hizo ilikuwa imefichwa kwa njia za namna hiyo. Wachumi wengine walionyesha mwaka 2021 kwamba nyumba zilizonunuliwa na makampuni ya fedha, yale yanayonunua biashara ili yaiuze tena, ziliongeza vifo vya wagonjwa wa muda mfupi wa Medicare kwa kiasi cha asilimia kumi, na kwamba katika nyumba hizo wauguzi walipunguzwa. Unyonyaji haukuhitaji mjeledi. Palitosha kalamu ya karani wa hesabu anayefuta jina moja katika orodha ya zamu ya usiku.

Mwaka 2020 dunia nzima iliona matokeo. Ugonjwa wa korona uliingia nyumba ya wazee ya Kirkland, katika jimbo la Washington, ukaendelea nchi nzima, na hatimaye wazee na watumishi wao zaidi ya 200,000 wakafa. Hatusemi kwamba wauguzi zaidi wangeuzuia ugonjwa ule. Uliua hata mahali palipokuwa na watu wengi. Lakini yalifunuka mambo mawili. La kwanza, watumishi wengi walikuwa wakifanya kazi nyumba mbili au tatu kwa sababu ujira wa moja hautoshi, na ugonjwa ulisafiri nao. La pili ni hili, nalo halizungumzwi sana. Mwezi Machi mwaka ule jamaa walikatazwa kuingia kuwatembelea wazee wao. Na mara wazee wakaanza kukonda na kudhoofika, hata wale wasioambukizwa. Kwa miaka mingi binti aliyekuja kila adhuhuri kumlisha mama yake alikuwa mtumishi asiyelipwa, naye alikuwa akijaza pengo ambalo mwenye nyumba alilijua na kulitegemea. Mlango ulipofungwa, pengo likaonekana. Na mzee asiye na binti, yeye alikuwa katika pengo hilo tangu zamani.

Tangu mwaka 2016 kila nyumba inalazimika kupeleka serikalini hesabu ya saa za kazi kutoka orodha za mishahara, siku kwa siku. Zamani mwenye nyumba aliandika atakalo. Orodha zilipoanza kusomwa zilionyesha kwamba siku za Jumamosi na Jumapili watumishi hupungua sana, kana kwamba mzee haoni njaa Jumapili. Hesabu ipo, basi; kinachokosekana ni kipimo cha kuilinganisha nayo na adhabu kwa anayepungukiwa.

Kwa kuwa serikali ya shirikisho imejitoa, majimbo ndiyo yaliyobaki. California ina kipimo cha saa 3.5 kwa siku. New York iliweka saa 3.5 pia kwa sheria ya mwaka 2021, na ikaenda mbele zaidi: katika kila senti 100 za mapato ya nyumba, senti 70 zitumike kwa huduma ya wazee, na 40 katika hizo ziwe za watumishi wanaowahudumia uso kwa uso. Sheria hiyo ya pili twaipenda kuliko ya kwanza, kwa maana inafuata fedha mpaka mfukoni. Minnesota ilianzisha mwaka 2023 baraza la watu tisa: watatu wa wafanya kazi, watatu wa waajiri na watatu wa serikali, wenye mamlaka ya kupanga ujira wa chini katika nyumba za wazee za jimbo zima. Katika jimbo lile ndimo walimo Wasomali na Wakenya wengi sana wanaofanya kazi hii. Mahali pengine pote mfanya kazi mmoja husimama mbele ya mwajiri mmoja. Pale wamekaa meza moja kwa idadi sawa.

Twaona kwamba mambo matatu haya, yaani idadi iliyoandikwa, fedha zilizofungwa kwenye mikono, na ujira unaomzuia mtu asikimbie, hayatengani. Idadi bila fedha itawafanya wenye nyumba wapunguze wapishi na wafagiaji ili wajaze wauguzi. Fedha bila idadi zitakwenda kwa kampuni ya pango. Jimbo linalotunga moja na kuliacha jingine limejenga kuta bila paa. Na vyama vya wafanya kazi visikubali kuitwa mezani kuzungumza ujira peke yake, kana kwamba idadi ya wazee kwa kila mtu ni siri ya uongozi. Nyongeza ya dola moja kwa saa haina maana kwa mama aliyeongezewa wazee watano.

Kwa ndugu zetu walioko katika kazi hiyo tuna neno moja la vitendo. Sheria ya Marekani bado inailazimu kila nyumba kubandika kila siku, mahali ambapo wazee na wageni wanaweza kusoma, idadi ya wazee waliomo na saa za wauguzi katika kila zamu. Wengi huipita karatasi hiyo kila asubuhi bila kuitazama. Aisome kabla hajavaa glavu, ailinganishe na watu anaowaona kwa macho, na tofauti yoyote aiandike katika daftari lake pamoja na tarehe na saa, kisha ampelekee mwakilishi wa chama chake.